Kifua baunsa, miguu njiti!

Akina dada msiondoke, leo nanyi mmo.

Wiki hii tuongee kuhusu miili. Si ule mwili wa kwenda nao ufukweni Jumapili kuzugia watu, la hasha! Nazungumzia mwili wa kazi. Mwili wa mtu anayecheza mpira, kikapu, wavu au pete, yaani michezo ya kukimbia, kugongana, kuruka na kugeuka ghafla.

Pita mitaa ya Kariakoo saa kumi na moja jioni, ingia uani kwenye zile nyumba ambazo bado hazijageuzwa maghorofa. Utakuta bomba la chuma lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege pande zote mbili. Pembeni kuna benchi la mbao, na ukutani kuna kioo. Maji ya kunywa yanaweza yasiwepo, lakini kioo hakikosekani!

Vijana wamepanga foleni. Wanalala kwenye benchi, wanasukuma chuma juu, wanainuka, wanajitazama. Leo kifua na mikono, kesho mikono na kifua, keshokutwa kifua tena. Ukiwauliza habari za miguu wanakushangaa. Miguu si imo ndani ya suruali, nani ataiona?

Jumamosi hao hao wanashuka dimbani kucheza ndondo. Jezi imebana kifuani mpaka namba inataka kupasuka, bukta inapepea kama bendera ya ofisi ya serikali ya mtaa. Dakika ya 30 mtu kashika nyuma ya paja, yuko chini, anapepewa kwa fulana.

Kijiweni utasikia, "Karogwa yule, timu ile ina mganga!"

Jamani, mganga wa nini? Hapo hapakuwa na ndumba. Pale palipotakiwa msuli hapakuwa na msuli, basi.

Namfahamu mshkaji mmoja, jina lake naliweka kapuni. Uwanjani alikuwa winga wa kulia, na mchana alikuwa winga pia, wale vijana wa Kariakoo wanaokudaka barabarani na kukupeleka dukani kwa mtu mwingine ili wapate chao. Mbio alikuwa nazo, na kifua alikuwa nacho kama mlango wa stoo.

Msuli wa nyuma ya paja ulimchanika mara tatu ndani ya miaka miwili. Kila mara alipumzika wiki mbili, akachuliwa kwa mafuta ya moto, akarudi uwanjani. Mara ya nne halikuwa paja tena. Alikuwa anageuka na mpira, hakuna mtu aliyemgusa, goti likalia kama kijiti kinavunjwa.

Mpira ukaishia hapo. Lakini haukuishia mpira peke yake. Winga asiyeweza kutembea kutwa nzima kutoka Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi hapati kamisheni. Kodi ya chumba haijui kama unachechemea! Miezi minane kijana alilishwa na dada yake.

Ndiyo maana nasema hili si jambo la urembo. Wachezaji wengi wa mtaani kwetu hawana mkataba, hawana bima wala daktari wa timu. Wana miguu miwili tu, na ndiyo hiyo hiyo inayowaingizia riziki Jumatatu asubuhi.

Sasa tuingie darasani kidogo, msisinzie.

Mchezaji wa soka wa kiwango cha juu hutembea na kukimbia kilomita 10 hadi 12 katika dakika 90, kipa simhesabu. Ukisikia hivyo unasema, "Aa, kumbe! Basi kila alfajiri napiga mchakamchaka hadi Coco Beach na kurudi, nimemaliza kazi."

Hujamaliza, kaka. Pumzi utakuwa nayo, na pumzi ni muhimu. Ila hebu tazama zile kilomita zinavyokwenda. Kwa wastani, kila baada ya kama dakika moja na nusu mchezaji anachomoka mbio kali za sekunde 2 hadi 4. Halafu anafunga breki, anageuka, anaruka kichwa, anapigwa kikumbo, anasimama, anachomoka tena. Mchakamchaka hauna breki. Unakwenda mwendo mmoja tu kama treni ya mizigo.

Na breki ndiyo habari yenyewe ya leo. Ungepanda daladala yenye injini mpya na honi ya kutisha, lakini breki hamna? Vijana wetu wengi ndivyo walivyo. Injini wanayo, honi wanayo kifuani, breki ndizo hawana.

Breki za mwili ziko nyuma ya paja, kwenye makalio na tumboni. Ukiwa kwenye mbio kali, msuli wa nyuma ya paja ndio unaouzuia mguu usirushwe mbele moja kwa moja kabla haujakanyaga chini. Unavutwa na kukaza kwa wakati mmoja. Kama ni dhaifu, unachanika. Ukitua baada ya kuruka kichwa, au ukigeuka ghafla, misuli ya paja na makalio ndiyo inayolishika goti lisiingie ndani. Isiposhika, mzigo wote unaangukia kwenye kano za goti, nazo hazikuumbwa kubeba peke yake. Ndiyo maana magoti mengi huharibika bila kuguswa na mtu!

Sasa atatokea mjuaji aseme, "Mbona makuli wa sokoni wana nguvu na hawajaenda jimu hata siku moja?"

Swali zuri sana, hasa kwa Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na mizigo. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, eneo hili likawa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Sisi tukalitamka kwa ulimi wetu: Kariakoo. Wale wapagazi walibeba mizigo ya vita hadi wengi wao wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mzigo unaweza kukujenga, na mzigo huo huo unaweza kukuua. Tofauti iko kwenye kipimo na mapumziko.

Kuli anayebeba lumbesa toka alfajiri ana mgongo na miguu ya chuma, sikatai. Lakini hachagui uzito wala hachagui siku ya kupumzika. Jioni akishuka uwanjani, misuli imeshachoka kabla filimbi haijalia. Yeye haongezi vyuma, huko ni kujimaliza. Anachohitaji ni kulala, kula, na mbio fupi chache akiwa na nguvu mpya.

Muuza duka aliyekalia stuli kutoka saa mbili hadi saa kumi na mbili, huyo ndiye mgonjwa wetu mkubwa. Makalio yamelala, nyonga zimekakamaa, halafu anatoka dukani mbio mbio, anafunga kamba za viatu na kuingia kupiga chenga. Anatafuta nini kama si machela?

Wazee wetu walicheza bila haya yote, najua mtasema. Yanga ipo tangu 1935 na Simba tangu 1936, zote na makao yao humu humu Kariakoo na Jangwani, na vipaji havijawahi kukosekana. Lakini mpira wa leo una kasi nyingine, na klabu zenyewe zimeshaelewa.

Mwaka 2018 Simba ilimleta Mtunisia mmoja, Adel Zrane, kazi yake ikiwa viungo tu. Hakuwa wa kupanga kikosi wala wa kunoa makipa. Msimu ule ule Simba ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tarehe 16 Machi 2019, pale Uwanja wa Taifa, AS Vita ya Kongo ilikuwa inabanana nayo 1-1. Dakika ya 90, dakika zile za lala salama, Clatous Chama akafunga la pili. Mji ukalipuka!

Sisemi bao lile ni la kocha wa viungo. Akili na pasi ni za waliocheza. Nasema tu kwamba dakika ya 90 akili inahitaji miguu ya kuibeba. Zrane alikuwepo hadi 2021, mwaka ambao Simba ilifika tena robo fainali. Alifariki Aprili 2024 huko Rwanda akiwa na APR. Mungu amrehemu, alitufundisha kitu.

Wana Jangwani msinune, nanyi mmo. Mwaka 2023 Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger. Ikafungwa 2-1 hapa nyumbani, ikaenda Algiers na kushinda 1-0 ugenini, kombe likaondoka kwa sheria ya bao la ugenini tu. Kwenda kwa Waarabu na kuwafunga kwao baada ya msimu mrefu namna ile si kazi ya miguu njiti.

"Sawa, lakini wale wana hela. Sisi wa ndondo tutamtoa wapi Mtunisia?"

Hapo ndipo ninapopataka. Hahitajiki!

Kuna programu ya kupasha misuli moto inaitwa FIFA 11+. Waliitengeneza wataalamu wa FIFA pamoja na wenzao wa Oslo kule Norway na Santa Monica kule Marekani. Inachukua dakika 20 tu. Dakika 8 za kukimbia taratibu, dakika 10 za mazoezi ya nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, na dakika 2 za mbio za kasi na kugeuka. Haina mashine hata moja. Unahitaji mpira, uwanja na wenzako.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Haya, twende Lagos, Nigeria, kwa Waafrika wenzetu. Watafiti walichukua timu 20 za vijana, wachezaji 416 wa miaka 14 hadi 19. Timu nyingine zikafuata programu hiyo, nyingine zikaendelea na mambo yao ya kawaida. Matokeo yalitoka 2014. Baada ya miezi 6, waliofuata programu walikuwa na majeruhi pungufu kwa asilimia 41. Hebu piga hesabu kwenye timu yako, ni wangapi wasingekuwa benchi sasa hivi?

Na dada zangu, hapa ndipo penu. Kano ya ndani ya goti huchanika kwa wanawake mara mbili au zaidi kuliko kwa wanaume katika michezo hii ya kuruka na kugeuka. Norway waliijaribu programu hiyo kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo ya mwaka 2008 yakaonyesha majeraha makubwa yamepungua karibu nusu. Kwa hiyo ukiambiwa "wewe mtoto wa kike utakuwa na mapaja kama dume", mjibu kwamba mapaja hayo ndiyo bima yako.

Haya, kata kipande hiki ubandike ukutani, pale pale kwenye kioo. Tuchukue kwamba mechi yenu ni Jumamosi.

Jumapili usifanye kitu kizito. Tembea, nyoosha viungo, nenda kanisani au katembelee ndugu.

Jumatatu na Jumatano ni siku za miguu. Kwanza pasha misuli moto hadi jasho lichomoze, halafu anza hivi.

Moja, kuchuchumaa na mzigo. Kumbatia ndoo ya maji kifuani, shuka taratibu, panda. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, huna haja ya mizani. Anza na nusu ndoo, mara 8, raundi 3. Magoti yaelekee vidole vinakoelekea, yasiingie ndani kama ya mtu aliyebanwa na haja.

Mbili, piga hatua ndefu mbele, shusha goti la nyuma hadi karibu na ardhi, inuka. Mara 8 kila mguu, raundi 2.

Tatu, dawa ya nyuma ya paja. Piga magoti kwenye mkeka au fulana iliyokunjwa, mwenzako akushike enka kwa nguvu. Nyoosha mwili toka magotini hadi kichwani, halafu jiachie kwenda mbele polepole sana, ukijizuia kadiri unavyoweza, mwishowe jidake kwa mikono. Mara 3 hadi 5 tu, raundi 2. Zoezi hili lenyewe limeonekana kwenye tafiti nyingi kupunguza kuchanika kwa msuli huo kwa karibu nusu. Ila nakuonya mapema, kesho yake utashuka ngazi kinyumenyume! Ndiyo maana hulifanyi karibu na mechi.

Nne, lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao. Sekunde 20 hadi 30, raundi 3. Tumbo ndilo linalounganisha juu na chini, likilegea unayumba kwenye kila kikumbo.

Tano, kichura. Ndiyo, kile kile cha adhabu shuleni! Ila safari hii ruka mara 5 tu, na kila ukitua, tua kimya kama paka. Ukisikia kishindo, ujue goti ndilo limelipa.

Jumatano ongeza mbio za mita 20, mara 6, za kasi ya mwisho. Pumzika dakika nzima au zaidi kila baada ya mbio. Usipopumzika unafanya mchakamchaka tena, na kasi haiji.

Jumanne na Alhamisi cheza mpira na wenzako, mkianza na zile dakika 20. Ijumaa pumzika. Jumamosi, chapa kazi.

Kila wiki ongeza kidogo tu, maji kidogo kwenye ndoo, au mara moja zaidi. Wiki sita zikipita utaona mwenyewe dakika ya 75 jinsi beki anavyokutafuta kwa macho.

Kifua je? Piga tu, sijakataza. Pushapu na kujivuta bombani vinasaidia kukaa na mpira ukiwa umeegemewa. Ila kifua kifuate miguu, kisitangulie.

Mahali pa kufanyia msilie sana. Najua viwanja vya katikati ya mji vimemezwa na maghorofa na maegesho, na ule wa Kaunda pale Jangwani umeshalala chini ya maji ya Mto Msimbazi mara nyingi. Lakini pale Kidongo Chekundu kuna JMK Park, iliyofunguliwa 2015 kwa ajili ya vijana. Ujenzi wake ulihusisha klabu ya Sunderland ya Uingereza, na Simba yenyewe iliitwa Sunderland hadi 1971, dunia ina mambo! Mazoezi niliyoyataja hapa, mengi yanahitaji nafasi ya mkeka mmoja tu, hata uani yanafanyika.

Neno kuhusu tumbo. Nasikia siku hizi wengine wananunua makopo ya unga wa kujaza misuli vichochoroni, lebo haisomeki, aliyeuza hajulikani kwao. Achana nayo! Dagaa, maharage, mayai na maziwa vinajenga msuli. Ugali, wali, viazi vitamu na ndizi vinakupa moto wa kukimbia. Maji kunywa tangu asubuhi, joto la Dar la Januari na Februari halina urafiki. Na usingizi, kaka! Msuli haujengwi kwenye benchi la vyuma, pale unabomolewa tu. Unajengwa ukiwa umelala. Ukikesha kwenye muziki Ijumaa hadi alfajiri, Jumamosi usimtafute mchawi.

La mwisho, na hili nalisema bila utani. Ukichanika, wiki mbili na mafuta ya moto si matibabu. Goti likivimba siku ile ile, au likilegea ukitembea, nenda hospitali. Kwa goti na mfupa wataalamu wapo, MOI iko pale pale Muhimbili. Usirudi uwanjani kwa sababu mwenyekiti wa timu kakuahidi nauli na soda. Rudi pale unapoweza kukimbia kasi yote, kugeuka na kuruka kwa mguu ule ule ulioumia, bila kuuhurumia.

Kocha wa ndondo unayesoma hapa, nawe nina ombi kwako. Dakika 20 kabla ya mazoezi, mara mbili kwa wiki, hazikugharimu hata mia. Unachokiokoa ni riziki ya mtoto wa mtu.

Kwa leo naweka kalamu chini. Jumatatu jioni chagua mshkaji mmoja unayemwamini akushike enka. Asiwe yule anayecheka cheka, atakuachia katikati! Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.